Kigoda Changu, Mwaka wa Nyota Mkia

Juzi mwanangu alirudi kutoka shuleni, hapa Kampala, na swali: nyota mkia zinatoka wapi? Nilimjibu bila kufungua kitabu, halafu, rafiki yangu, moyo ukanichoma. Wivu wangu wa utotoni ulikuwa bado upo, mzima kabisa.

Kule Goma nilikuwa na kigoda changu jikoni kwa bibi, karibu na makaa, pale harufu ya sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, inapokufikia kwanza. Vita ilipopita Kalengera, watu walimwagika barabarani, Kibumba, Kibati, hadi kwetu. Bibi akamchukua msichana wa rika langu aliyefika peke yake. Akampa kigoda changu. Akampa na ukoko wa bugali, ukoko niliokuwa nikiungoja tangu maji yachemke! Kila nilipouliza huyu ametoka wapi, bibi alinikata: "Mutu akule kwanza. Kwao tutamuuliza kiisha." Lakini kula kulikuwa kila siku, na hiyo kiisha haikufika.

Ndipo nyota mkia ikaanza kuonekana jioni, juu ya mabati ya nyumba, kushoto kwa volkano. Jirani yetu alishika kichwa: "Hii ni alama ya vita!" Bibi akacheka. "Vita iko hapa tayari, mama. Itatuletea nini ingine?"

Mwalimu alitueleza vizuri. Mbali sana, kupita sayari ya mwisho, kuna mabonge ya barafu na vumbi yaliyolala gizani tangu jua lilipokuwa changa. Nyota nyingine ikipita jirani, bonge moja hutikiswa, likaanza kuanguka kuelekea jua. Mkia haliji nao kutoka kwao. Joto la jua ndilo linaloutoa. Yule msichana akanyoosha kidole: "Na zile zenye zinabakia, zinajua kama moja imeenda?" Mwalimu akamsifu mbele ya darasa zima. Mimi nilikuwa sijasifiwa tangu shule ifunguliwe.

Jioni ile tuliketi uani, sahani mapajani, macho juu. Yule msichana ndiyo kwanza amekata tonge. Nikamwambia, "Nyota tunajua fasi inatoka. Na weye, unatoka wapi? Utarudia lini?"

Akarudisha tonge kwenye sahani. Asubuhi aliondoka na akina mama waliokuwa wakipanda barabara ya Kibumba. Bibi hakunipiga. Alinirudishia kigoda, na kila jioni akaendelea kupakua sahani ya yule msichana. Hata sahani hiyo niliionea wivu.

Baadaye lava iliifunika nyumba, na bibi naye hayupo tena. Sasa mimi ndiye mkimbizi. Siku nilipofika hapa nilisimama kwenye foleni tangu alfajiri, sijatia kitu tumboni, na kila meza niliyofikia waliniuliza lile lile: unatoka wapi? Nikamkumbuka yule msichana, nikamwonea wivu upya. Kwetu aliulizwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo nilikuwa mimi.