Hina Yangu na Mswaki Wake

Mkubwa wetu wa ofisi alikaa na mswaki wa mti mdomoni tangu asubuhi hadi adhuhuri, na mimi nilianza kumchukia siku aliponiondoa kwenye kiti changu mbele za watu. Leo nina mvi, na bado sijapata sababu ya kuacha.

Ofisi ilikuwa ya mradi wa chanjo ya mifugo, hapa Garissa, miaka ya tisini ikiishia. Kazi yangu ilikuwa kuchapa vyeti. Mchungaji aliyeswaga ng'ombe wake kutoka Eldas au Buna hakuruhusiwa kuwaingiza sokoni bila cheti cha chanjo, kwa hiyo dirisha langu halikukosa foleni. Mafuriko, na ugonjwa uliofuata mafuriko, vilikuwa vimewamaliza mbuzi wa baba. Nyumba yetu nzima ilikula kutokana na kile kiti.

Kompyuta tuliletewa baada ya watu wa Nairobi kuichoka. Nyuma ilikuwa na vitundu viwili vya USB, mambo mageni kwetu wakati ule, na printa mpya ya ofisi haikuwa na pengine pa kuchomekwa. Niliipenda ile printa. Ilitoa cheti kabla mchungaji hajamaliza kuniuliza hali ya baba, ya mama na ya mvua.

Adui yetu alikuwa vumbi. Tangu enzi za taipureta, ofisi nzima ilipambana nalo kwa mswaki uliokwisha kutumika: ncha iliyotafunwa huwa brashi nzuri, na ukiiacha ikauke inapenya kati ya herufi na kuchokoa uchafu wote. Mkubwa ndiye aliyezidi. Alisafisha redio, miwani, hata matundu ya mkono wa simu. Na hakungoja mswaki ukauke. Aliutoa mdomoni, akaufuta kwenye mkono wa shati, akaendelea.

Jumatatu moja nilirudi kazini kutoka harusi ya binamu yangu, mikono imepambwa hina mpaka juu ya vifundo. Nikawasha mashine, nikaamuru cheti cha kwanza. Printa kimya. Nikahamishia waya kitundu cha pili. Kimya vile vile. Nikazima, nikawasha upya. Nikatafuta orodha ya vifaa kwenye skrini, printa haikuwamo kabisa. Nikabadilisha waya, nikaingiza upya programu ya printa kutoka kwenye diski yake. Hapo wachungaji dirishani walikuwa wameanza kuguna.

Mkubwa akaja akasimama mlangoni, akautoa mswaki mdomoni, akasema kwa Kisomali, kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni, "Abaayo, mashine haitaki mikono ya harusi. Hina yako imeingia ndani, imeiua."

Abaayo ni dada, neno la upole, lakini siku hiyo alilitema. Watu wakacheka. Akaniamuru nihamie barazani, nikae mkekani niandike vyeti kwa mkono hadi fundi aje, na fundi akishathibitisha kuwa ni hina, nirudi nyumbani nisije tena kazini. Kesho yake kiti changu kilikaliwa na mpwa wa mke wake, binti aliyetoka kumaliza kozi ya kompyuta. Binti mwenyewe alinisalimu kwa adabu na sikuwa na neno naye. Lakini nilielewa kwa nini hina yangu ilikuwa na hatia haraka hivyo.

Nilipika hasira yangu kwa moto mdogo. Siku moja wote walipokwenda kuswali adhuhuri, nami sikuwa wa kuswali juma lile, niliingia na tochi, nikaigeuza kompyuta. Ndani ya kitundu kimoja palikuwa na kitu cheupe kimejikunja. Nikasogeza pua. Harufu ile kali ya mti wa mswaki haifichiki. Ulikuwa uzi wa ncha iliyotafunwa, na bado ulikuwa na unyevu. Vibati vya shaba vilivyomo ndani vilikuwa vimepindwa vikagusana.

Kibano cha nyusi kilikuwa mkobani mwangu. Ningeuchomoa uzi ule mara moja, labda printa ingefufuka, na mkubwa angewaambia watu kwamba mashine imepona kwa sababu nimeondoka mezani. Nikaukuta uzi, nikauacha uzi. Nikairudisha kompyuta ilivyokuwa, nikatoka kuketi mkekani.

Fundi alikuja kutoka Kenya, kama tulivyozoea kusema, kana kwamba Garissa iko nje. Alfajiri ya siku hiyo nilipaka hina mpya.

Alianza pale nilipoanzia mimi, nami nikimtazama kutoka mlangoni: waya, programu, orodha ya vifaa. Akaingia katika zile kurasa za bluu zinazotokea mashine inapoamka, akakuta USB haijazimwa. Akachomeka kipanya alichokuja nacho, hakikuwaka. "Vyote viwili havina umeme," akasema. "Kuna kitu kimeshikanisha huku."

Mkubwa akanitupia jicho. Nikalainisha sauti.

"Adeer," nikamwambia, kama mtoto anavyomwita baba yake mdogo, "wewe ndiye unayeitunza mashine hii. Mwonyeshe fundi unavyoisafisha, asije akadhani hatuijali."

Sifa ile ilimwingia. Akasogea na mswaki wake, akageukia Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali. "Fundi, hii mimi nasafisha kila asubuhi. Fumbi ya hapa ni mbaya sana. Ona, bole bole, hifi." Akaufuta kwenye mkono wa shati, akauingiza kitunduni, akauzungusha, akasukuma kidogo.

Fundi akabaki ametoa macho. "Mzee, hebu ngoja." Akazima mashine, akang'oa waya wa umeme, akainama na kibano chake. Uzi mmoja ukatoka, kisha mwingine. Akaziweka kiganjani, akazinusa, akamtazama mkubwa mdomoni. Halafu akanyoosha vile vibati kwa sindano, akaiacha mashine ipumzike, akaiwasha. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi.

Wachungaji walikuwa wamejaza dirisha. Nikaingia, nikanyoosha mikono yote miwili mbele ya fundi.

"Na hina yangu, kaka? Umeikuta huko ndani?"

"Hina gani, dada?" akauliza, naye hajui lolote.

Kicheko kilianzia dirishani, kikaenda mpaka mwisho wa foleni, pale pale cha kwanza kilipofika. Nilikisikiliza chote. Sijawahi kunywa maziwa ya ngamia yaliyonishukia vizuri namna ile.

Nilirudishiwa kiti siku hiyo hiyo, na binti akapelekwa stoo ya dawa. Mkubwa hakuniomba radhi. Alituma wazee kwa baba, kama desturi yetu ilivyo, wakanywa chai, wakanisihi niyamalize. Mbele yao, baba akinitazama, nilisema nimemsamehe.

Walipoondoka nilikoroga hina nikapaka mpaka kwenye viwiko. Na kila ilipoanza kufifia nilipaka nyingine, bila harusi, bila sikukuu, miaka yote niliyofanya kazi chini yake, na kila karatasi aliyohitaji nilimkabidhi kwa mikono miwili.