Ukurasa wa Salamu

Enzi zetu, barua ilikaliwa kikao. Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani na githeri imeshaliwa, mama alipangusa meza, baba akavuta kigoda, nami nikachana karatasi ya katikati ya daftari, ile inayotoka bila kuharibu nyingine. Wadogo zangu walifukuzwa nje wakacheze mpira wa kati, maana barua haikutaka kelele. Kuku naye alifukuzwa. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa nyumba ile, juu kidogo ya Kiriaini, kwa sababu nilikuwa msichana mkubwa na mwandiko wangu ulisimama wima.

Kila barua ilikuwa na adabu zake, na tulifundishwa adabu hizo na Mwalimu Otieno, mtu wa Nyanza, mrefu, suruali yake imepigwa pasi ya makaa mpaka mikunjo ingekata mkate. Barua ya rafiki ni anwani moja, na humo unaweza kusimulia hata ndama aliyezaliwa. Barua ya ofisi ni anwani mbili, kichwa kimepigwa mstari, halafu unasema unachotaka na kuondoka. Ukimwandikia mkubwa wa ofisi habari za nyumbani kwenu, Mwalimu aligonga dawati. "Ofisi haina shangazi," alisema. Tulicheka, lakini tulishika. Hata leo naweza kukuonyesha mahali koma inapokaa kwenye anwani.

Nilipomaliza darasa la saba nilipita mtihani, lakini hakuna shule ya sekondari iliyoniita. Wasichana wa kwetu waliokosa nafasi walienda kuchuma kahawa, halafu baada ya muda unasikia wameolewa. Mimi nilitaka kusoma. Nilitaka mpaka chakula kikanishinda. Mwalimu Otieno akasema kuna shule ya bweni ya wasichana upande wa Nyeri, tumwandikie mwalimu mkuu kuomba nafasi, naye ni mama mkali asiyependa maneno mengi, ametoka mkoa wa Magharibi. Basi nikaandika kwa Kiingereza, anwani mbili, mstari chini ya kichwa, aya tatu fupi. Mwalimu akaisoma, akasema haina kasoro.

Baba akaikataa.

Alikuwa fundi wa mawe, na Kiswahili chake alikiokota kwenye kazi za ujenzi kule Nanyuki. Nilipomfasiria barua yangu aliuliza salamu ziko wapi. Nikamwambia hazihitajiki. Alinitazama kama mtoto aliyepita wazee njiani bila kuwaamkia. Jumapili iliyofuata Mwalimu mwenyewe alikuja nyumbani, akapewa chai ya maziwa na viazi vitamu vya kuchemsha, na mabishano yakaanza.

"Mwalimu, hii barua inaingia kwa nyumba ya mtu na haipigi hodi," baba alisema. "Nitaomba aje mtu kitu na sijajua kama watoto yake wako wazima?"

"Mzee, huyo ni mtu wa ofisi. Ako na barua mingi sana kwa meza."

"Si ndiyo hiyo! Zote zinaomba. Hakuna hata moja imemsalimia."

Mwalimu alikuna kichwa. Mimi nilikuwa karibu kulia, maana niliona shule yangu ikipotelea kati ya wanaume wawili na sufuria ya viazi. Mwishowe walikubaliana kwamba barua yangu iende ilivyo, na nyuma yake uwekwe ukurasa wa baba, kwa Kiswahili. Alisema, nami nikaandika. Alimuuliza yule mama hali yake, mvua ya huko, na kama baridi ya mlima haimsumbui kifua. Akamweleza kwamba kahawa yetu imetoa maua. Ukurasa ulijaa mpaka pembeni, kisha akaweka jina lake mwenyewe, herufi moja moja, ulimi umetoka nje.

Majibu siku hizo yalipitia sanduku la posta la shule, na Ijumaa kwenye paredi mwalimu wa zamu alisoma majina. Nilikuwa nimeshamaliza pale, lakini kila Ijumaa nilisimama nje ya ua wa michongoma nikisikiliza. Jina langu liliposomwa sikutafuta lango, nilipenya hapo hapo na miiba ikanirarua mkono. Barua ilipigwa taipu, mistari michache tu: nafasi ipo, aje na godoro na ndoo. Chini yake, kwa kalamu, kwa Kiswahili, palikuwa pameandikwa: "Mzee, kifua changu ni kizima, asante. Huku mvua imechelewa. Mlete mtoto." Baba alinitaka nimsomee maneno yale ya kalamu mpaka nikachoka. Yale ya taipu hakuyaulizia.

Nilipomaliza kidato cha nne nilienda kumuaga mwalimu mkuu. Akaniambia kwamba barua yangu ya Kiingereza ilifanana na nyingine zote mezani kwake, kama vile sisi sote tulifundishwa na mtu mmoja. "Ya baba yako ndiyo nilirudia kusoma," alisema. "Lakini ingekuja peke yake, singejua anataka nini. Aliniandikia ukurasa mzima na hakuniomba kitu." Tulicheka mpaka akavua miwani.

Siku hizi mjukuu wangu Kimani anatafuta kazi. Anaandika akiwa amelala chali, kwa kidole gumba, na barua hiyo moja anaituma ofisi zote, akibadilisha jina la bosi tu, siku nyingine akisahau hata kulibadilisha. Nilimwambia amsalimie mtu vizuri kwanza. "Shosho, hiyo ni email, si harusi," alinijibu. "Na siku hizi ni mashine ndio inasoma kwanza. Ati mtu anaona zenye zimebaki."

Nilicheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. Jioni namwona akifungua simu, akiifunga, akiifungua tena, na moyo unaniuma. Sisi pia tulingoja, na kungoja kulituchosha, lakini tulikuwa tunamngoja mtu. Nataka kumtuliza mtoto huyu, na sijui nimwambie anamngoja nani.