Hesabu za Kipindi cha Kwanza

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyofungiwa nje ya darasa langu mwenyewe. Lakini acha nianze nyuma kidogo. Jana uliponipigia simu kutoka Nyamahanga ukasema nusu ya darasa ulilopewa kufundisha ni vilaza, mimi nikakuuliza habari za mvua. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Neno hilo nililitumia sana nilipokuwa na umri wako.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, walipovuka mpaka wakajengewa kambi karibu nasi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nikapangiwa shule moja ya msingi upande wa Ntobeye, nifundishe hesabu darasa la saba. Suruali yangu ilikuwa imenyooka kwa pasi, na mkononi nilivaa saa niliyoinunua kwenye soko la kambini. Saa ile ilinitia kiburi, sikufichi. Mwalimu mkuu aliniachia nipange ratiba mwenyewe, nami nikaweka hesabu kipindi cha kwanza, saa mbili asubuhi, maana chuoni tuliambiwa asubuhi akili ya mtoto imetulia. Saa mbili kamili kiranja anafunga mlango. Aliyechelewa anabaki kiwanjani kung'oa nyasi mpaka kipindi kiishe. Nilifundisha hivyo mwaka mzima wa kwanza, na wazazi wa barabarani wakanisifu kwamba safari hii wameletewa mwalimu.

Wazazi wa barabarani nawataja makusudi. Magari ya maji yaliyokwenda kambini yalipita mbele ya nyumba zao, na madereva waliwajazia mapipa kwa ujirani. Watoto wao waliamka, wakanawa, wakaja shule. Watu wa bondeni hawakuwa na bahati hiyo. Kisima chao cha zamani kilikuwa kimezidiwa na watu, kikabaki tope, wakawa wanavuka kilima kwenda bonde la pili. Kuni nazo zilikuwa zimesogea mbali. Sisemi hivi kuwalaumu wakimbizi, wale walikuwa na makubwa yao. Nasema tu kwamba mzigo uliongezeka, na waliopewa kuubeba ni watoto wa nyumba zisizo na kitu.

Mimi hayo sikuyaona. Niliona watoto wanaochelewa, na niliposahihisha majaribio niliona hao hao ndio wanaopata sifuri za hesabu. Nikajumlisha moja na moja nikapata jibu langu: wavivu, na vichwa vizito. Mwaka wa pili kulikuwa na msichana wa bondeni anaitwa Leokadia, analelewa na bibi yake. Kwenye ripoti yake ya muhula niliandika kwa wino mwekundu, "Hafundishiki." Kisha nikabandika ukutani orodha ya watakaobaki jioni kwa masomo ya ziada, kujiandaa na mtihani wa mwisho. Jina lake halikuwemo, wala la mtoto yeyote wa bondeni.

Wiki ile ile bibi yake akaja shuleni, anachechemea kwa fimbo, ripoti kaikunja ndani ya khanga. Yeye Mhangaza na mimi Msubi, tukaelewana kwa Kiswahili cha sokoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwarimu. Nimesomewa hii karatasi yako, ndiyo nimekuja kumchukua mtoto. Kuna mama mjini anataka msichana wa kazi. Kama hafundishiki, aende."

Nikamwambia ni uamuzi mzuri. Ndiyo, mwanangu, nilisema hivyo, na nikaanza kukusanya madaftari yangu nikidhani mazungumzo yamekwisha. Bibi hakuondoka.

"Lakini nikuulize. Hesabu mnafundisha saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaiangalia ile karatasi asiyoweza kuisoma. "Saa mbili huyu yuko njiani na maji yangu. Mimi mguu hauvuki kile kilima. Basi hujawahi kumfundisha, mwarimu. Umejuaje kwamba hafundishiki?"

Nilijibu kama wanavyojibu vijana waliobanwa. Nikasema utaratibu ni utaratibu, mbona wenzake wanawahi, angeamka mapema. Bibi akacheka, tena si kwa ubaya.

"Sawa. Kesho nenda naye wewe, na saa yako. Mkiwahi, namtoa shule, na samahani nitakuomba."

Nilikubali kwa ubishi mtupu. Kesho yake alfajiri nikamkuta Leokadia mlangoni kwao na madumu mawili. Nilichukua moja. Kwenda ilikuwa rahisi, nikawa namweleza habari za sehemu na desimali, naye anaitikia tu "ndiyo, mwalimu." Kisimani tukakuta foleni ya akina mama na watoto, na mwalimu hapewi nafasi ya mbele kwa kuwa ana suruali ya pasi. Zamu yetu ilipofika jua lilikuwa limeshatoka. Kurudi ndiko nilikojua nimekwisha. Dumu lilinikata bega, maji yakanilowesha mgongo, nikasimama mara tatu kupumzika. Leokadia alikuwa na lake kichwani, ananisubiri juu kila niliposimama. Tukafikisha maji, tukakimbia shuleni.

Saa yangu ilisema saa mbili na dakika kumi na mbili. Mlango ulikuwa umefungwa.

Nikagonga. Kiranja akauliza nani. Nikasema mimi. Akajibu akiwa ndani, kwa heshima zake zote, "Mwalimu amekataza kumfungulia aliyechelewa." Hakuamini kwamba ni mimi, maana mimi sikuwahi kuchelewa. Nyuma yangu watoto wa bondeni walikuwa wameshainama kiwanjani. Mmoja akaangua kicheko, kisha akaziba mdomo kwa hofu. Ningeweza kufoka na mlango ungefunguliwa. Lakini niligeuka nikamwona Leokadia. Alikuwa ameweka daftari lake chini, na bila kuambiwa na mtu, akaanza kung'oa nyasi, jasho la kilima halijamkauka.

Niliona aibu, mwanangu. Aibu yenyewe, ya kutamani nisionekane. Asubuhi hiyo darasa zima halikufundishwa hesabu, na hakuna aliyechukua wino mwekundu kuandika lolote juu yangu.

Siku hiyo hiyo nilibadili ratiba. Hesabu nikaipeleka baada ya mapumziko ya saa nne, wakati kila mtoto yuko ndani. Kipindi cha kwanza nikaweka kusoma kimya kimya, ambapo anayechelewa anaingia, anakaa, anafungua kitabu. Orodha ya ukutani nikaichana. Masomo ya ziada nikayaleta mchana, maana jioni ni kuni, na walioanza kuitwa ni wale waliokosa mengi. Wazazi wa barabarani walilalamika kwamba nawashusha watoto wao. Hawakushuka. Walikuwa wanajua tayari, wakawa wanawasaidia wenzao, na kiranja yule ndiye aliyekuwa mkali kuliko mimi.

Nilikwenda kwa bibi kumwomba msamaha mimi. Akanipa kikombe cha togwa na kuniuliza kama bega limepona. Leokadia akabaki shule. Kwenye mtihani wa mwisho hakuwa wa kwanza, alikuwa wa nne, akachaguliwa sekondari. Leo ana duka la dawa za mifugo kule Nyakisasa, na dozi ya ng'ombe anaipigia hesabu kichwani. Si wote wa bondeni waliofaulu, sikudanganyi. Wengine tulikuwa tumewachelewesha mno.

Na kuna wale wa mwaka wangu wa kwanza. Kulikuwa na Yoronimo, naye wa bondeni, naye nilimwandikia neno lile lile, ila kwao hapakuwa na bibi wa kuja kuniuliza. Aliacha shule. Sasa ni mtu mzima, anachoma matofali, na tukikutana mnadani ananipokea mzigo na kuniambia, "Shikamoo, mwalimu." Naitikia marahaba, lakini moyoni najiuliza, mwalimu wa nini? Hesabu sikumfundisha.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujamwita tena mtoto kilaza, chukua daftari la mahudhurio uliangalie kipindi kwa kipindi. Jua nani hayupo unapofundisha lile gumu. Siku moja toka naye shuleni mpaka kwao, ubebe anachobeba. Kinachoweza kusogezwa, kisogeze wewe, kwa kuwa ratiba iko mkononi mwako na kile kilima hakiko mkononi mwake. Na saa yako nzuri ya kufundisha wape wale wasio na wa kuwafundisha nyumbani. Wenye navyo watafika tu.

Mungu akupe afya huko Nyamahanga na akulainishie ulimi. Na siku ukizeeka kama mimi, akujalie uamkiwe shikamoo na watu uliowafundisha kweli.