Kofia za Marubani wa Akiba

Mume wangu alikuwa rubani katika kikosi cha akiba. Siku za kazi alifundisha hesabu, Jumamosi akarusha ndege ndogo na wenzake, makarani na mafundi. Majina yao yote ninayo kichwani, ila hapa nayaacha. Yeye ndiye aliyesimamia mizani ya kupimia watu na mizigo kabla ya kuruka. Siku moja niliwapelekea sufuria ya pilau, wakaila yote kabla ya kupanda ili mzigo upungue. Akawapima upya. "Ndege haijali pilau iko wapi," akasema.

Kikosi kilivunjwa zamani. Miaka ile Wabongo tulipomiminika Guangzhou, kule China, kununua bidhaa, wazee wale walipanga kukutana, wakatuagiza kofia zenye nembo yao. Tukazishonesha kwenye soko la nguo la Shahe. Kufika uwanja wa ndege wa Baiyun, begi likazidi uzito.

"Vaeni, babu! Sote tunavaa mizigo," wakacheka wafanyabiashara wa Dar nyuma yetu.

"Uzito ni uleule," akajibu.

"Basi ziache hapa," wakamwambia.

Akalikumbatia begi. Wenzake wangemtazamaje? Nikafungua begi, nikawavika kofia foleni nzima.

"Mama, ndege haijali..."

"Ndege haijali, baba. Mizani ya hapa inajali."

Tukapita. Mlangoni mwa ndege akawapigia saluti mmoja mmoja.

Dar nilizikusanya zote isipokuwa moja. Bwana mmoja wa Kariakoo aligoma kuivua, akidai ameshajiunga. Basi mzee wangu alikwenda kwa wenzake kichwa wazi, akijisifu kwamba ameongeza askari.