Ada ya Barabara ya Kushukia Mpakani

Miaka ile ya baada ya mauaji ya kimbari, vita vikiwa vimehamia ng'ambo ya mto, Kamembe ilijaa maghala. Kila ghala lilileta malori yake, na yote yaliteremka kwa barabara moja hadi kituo cha mpakani cha Rusizi ya Kwanza, yakiwabana humo wagonjwa, wanafunzi na wachukuzi. Nikiwa mtumishi wa ofisi ya mipango ya mji, niliyekulia Congo, nilipendekeza kwamba kila ajengaye ghala atozwe ada, na ada hiyo ipanue barabara na kuwapa waendao kwa miguu njia yao. Ninalisema hili waziwazi, kwa kuwa baadaye wengine walijitwalia wazo hilo.

Mwenye ghala kubwa kuliko yote alikuja ofisini akicheka.

"Mzee, kamyo zangu ziko na kosa gani? Ni bale bamama njo banafunga njia. Banatembea katikati sawa bibi-harusi, na kando kuko wazi."

Nilikwenda kutazama. Ilikuwa kweli. Kwenye mteremko, wanawake wenye mizigo waliuacha ukingo mpana wenye nyasi, wakapita mbele ya malori yaliyowapigia honi. Nilimwuliza sababu mmoja wao, muuza unga wa muhogo.

"Papa, weye ulikomalia Congo, hauwezi kujua. Pale kando kuko bantu chini. Mudogo wangu iko pale. Siku mutachimba, muniite. Nitamutosha mu udongo na mikono yangu."

Niliongeza sharti katika pendekezo: ada igharimie kwanza kuwafukua marehemu hao na kuwazika kwa heshima, ndipo barabara ipanuliwe.

"Mulitaka nilipie njia," mwenye ghala alisema. "Sasa nilipie na benye balikufa? Wakati ile miye sikukuwa hapa."

"Hata mimi sikuwapo," nilimjibu. "Malori yako yapo."

Mkuu wangu alimruhusu alipe kwa changarawe badala ya fedha. Asubuhi moja ukingo wote ulimwagiwa mawe, ukashindiliwa. Nilipinga kwa maandishi. Nilijibiwa kwamba ada imekwisha kulipwa kikamilifu, na kwamba mji umepata maegesho.

Sikuwa nimemwita yule mama, kwa maana hakuna aliyechimba. Alikuja mwenyewe, akasimama juu ya changarawe, kisha akanyoosha kidole chini ya lori lililosubiri zamu ya mpakani, palipolala mdogo wake. Nilimwomba dereva asogee. Alimtazama mama yule, akasogea.

Mama alitua mzigo wake, akavua viatu. Kabla hajaukanyaga ule upenyo, lori la nyuma lilikuwa limekwisha kuujaza.