Mwiko wa Maneno ya Kizungu

Tulikuwa watatu jikoni: mimi, mdogo wangu Rwegasira, na jirani yetu Koku, aliyetuazima daftari lake la Kiingereza. Wazazi walikuwa wamefariki, nami nilishaacha shule ili Rwegasira asome. Mtihani wake wa kuingia sekondari ulikuwa kesho yake.

“Enjoy to swim,” akasema Rwegasira.

Nilichungulia daftari huku nikimenya ndizi. “We! Ukoo wa enjoy hauli to. Ni mwiko wao, kama ukoo wetu usivyokula mbawala.”

“Na want, dada?”

“Hao mwiko wao ni ing.”

Koku alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Mimi niliamini kabisa kwamba maneno ya Wazungu yana koo zao kama watu.

Rwegasira alifaulu. Juzi nimelikuta daftari sandukuni, lina madoa meusi ya utomvu wa ndizi. Koku aliliulizia jioni ile ile ya kabla ya mtihani, nikamwambia, “Kesho, mwenzangu,” na hadi leo sijamrudishia.