Mpika baga wa Mafinga aliyeokolewa na maji ya kunawa

Saa sita na nusu mchana, ukungu wa Mafinga bado haujaamua kama unaondoka au unalala hapa hapa. Lori la mbao linazima injini kando ya barabara. Wanashuka wanaume wanne wenye unga wa mbao hadi kwenye nyusi, wanaingia kwenye fremu moja ya biashara iliyopakwa rangi ya kijani, wanakaa kwenye benchi na kunyoosha mikono mbele bila kuambiwa.

Eveline Luvanda anatoka jikoni na jagi mkono mmoja, beseni mkono wa pili. Anawamiminia maji ya moto mmoja baada ya mwingine. Mmoja amefumba macho kabisa.

"Ongeza kidogo, dada," anaomba.

"Nikikuongezea wewe, wenzako watanawa nini? Toa mikono hiyo."

Kisha chakula kinaletwa, nacho ni baga: skonzi iliyopasuliwa katikati, nyama ya ng'ombe ya kusaga iliyokaangwa, kabichi, nyanya, kitunguu na sosi. Mgeni anaweza kushangaa tangu lini baga ikanawiwa kama ugali. Hapa inanawiwa tangu Agosti mwaka jana, na bila hayo maji biashara hii ingekuwa imezikwa zamani.

Eveline, mwenye umri wa miaka 34, ni mzaliwa wa hapa hapa Mafinga. Kazi ya baga aliijulia kwenye loji moja ya wageni huko kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, alikopika kwa miaka tisa.

"Kule mgeni anakula baga, anafuta mdomo kwa tishu, anasema asante, anaondoka," anasimulia. "Mimi nikajua ndivyo dunia nzima ilivyo."

Akaacha kazi, akarudi nyumbani na kikaango chake. Baba yake, mzee Yotamu Luvanda, ana fremu moja kando ya barabara kuu. Bahati mbaya alikwishamwahidi Jofrey, mdogo wake Eveline, auzie humo spea za pikipiki.

Eveline alipiga magoti. Mzee, ambaye ni mzee wa kanisa na amepasua mbao miaka mingi, hana kawaida ya kubadilisha neno. Lakini kwa binti yake huyo alilegea nusu.

"Nilimwambia, nakupa mpaka sikukuu ya mavuno," anasema mzee Yotamu. "Watu wa hapa wakikila hicho kitu kama chakula, fremu ni yako. Wasipokila, ni ya mdogo wako. Mimi sina ubaguzi."

Jofrey hakuwa na wasiwasi wowote. Wiki ile ile alikwenda kwa fundi, akachongesha kibao kikubwa cha msonobari: JOFREY SPEA ZA PIKIPIKI. Akakiegemeza ukutani, ndani ya biashara ya dada yake, kisubiri.

Naye alikuwa na sababu. Watu wa Mafinga kichwani mwao wana rafu mbili. Ya kwanza ni ya chakula, nayo ina ugali na vinavyofuatana nao. Ya pili ni ya vitafunwa, na kila chenye asili ya mkate hupangwa huko, pembeni ya kikombe cha chai.

"Mteja anaingia saa saba mchana, anauliza, 'Dada, chakula kipo?' Namwambia kuna baga. Ananiambia, 'Baga nimeiona. Nimeuliza chakula,'" anakumbuka Eveline.

Hata waliokula walikula kwa masharti. Gerson Kikoti, mpakia mbao, alikuwa mteja mwaminifu wa aina yake. Alinunua baga, akachomoa nyama, akaila, skonzi akaifunga kwenye karatasi na kuitia mfukoni kwa ajili ya chai ya jioni.

"Nyama ilikuwa nzuri, sina neno," anajitetea Gerson. "Ila mtu umebeba mbao toka asubuhi, halafu unapewa mkate! Kwani naumwa?"

Baga moja iliuzwa shilingi 4,000, na siku ikienda vizuri aliuza kumi. Zilizobaki alizila Jofrey, huku akipima ukuta kwa macho aone matairi yatatundikwa wapi.

"Nililia sana kipindi hicho," anasema Eveline. "Siyo kwa sababu ya fremu peke yake. Nilikuwa najua kitu kimoja tu duniani, na watu wangu mwenyewe wanakiweka mfukoni."

Ikafika sikukuu ya mavuno. Usharikani kwao kila mtu huleta alichokipata kwa kazi ya mikono yake, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa pale nje. Watu walileta mahindi, viazi, maparachichi, majogoo na mbuzi mmoja mkaidi. Eveline hakuwa amelima mwaka huo. Alichovuna ni baga, akaleta baga.

"Nilimkataza," anasema mama yake, Marta. "Nikamwambia, mwanangu, nunua hata maharage. Hakunisikia. Huyu kachukua kichwa cha baba yake."

Mnadishaji, Sifaeli Mgaya, aliinyanyua juu ikiwa kwenye karatasi yake. "Mali hii inaitwa baga," akatangaza. "Nimehakikishiwa kwamba ndani kuna nyama. Tunaanza na elfu moja!"

Aliyeitikia ni mbuzi peke yake. Hatimaye mwalimu mmoja, kwa huruma tu, akasema elfu tatu, akapewa. Akaiangalia, kisha akasema kwa unyenyekevu mkubwa, "Nairudisha kwa Bwana." Huo ni utaratibu wa siku zote. Mtu anaweza kununua na kurudisha kitu ili kinadiwe tena, sadaka iongezeke.

Baga ikanadiwa tena. Mfanyabiashara wa mbao akainunua kwa elfu kumi, akamzawadia mchungaji. Mchungaji akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akairudisha mnadani. Kwaya ikachanga, ikanunua, ikarudisha. Kina mama wakanunua, wakarudisha. Baga ikampita jogoo kwa bei, ikaanza kumsogelea mbuzi, na hakuna aliyekuwa tayari kuibandua karatasi.

"Nilisimama pale nacheka na watu huku machozi yananitoka," anasema Eveline. "Sadaka inapanda, mimi nazidi kuaibika."

Aliyeshindwa kuvumilia ni mzee Yotamu. Aliinuka kwenye kiti chake cha mbele, akataja elfu thelathini, akaenda kuichukua mwenyewe. Sifaeli akamuuliza kama anairudisha.

"Sirudishi!" mzee akajibu, na watu wanasema sauti ilifika barabarani. "Kazi ya mwanangu haizungushwi kama mpira."

Akaitia mfukoni mwa koti, akaondoka nayo nyumbani. Hapo, kwa maneno ya mama Marta, ndipo ilipoanza kazi.

"Aliiweka mezani, akakaa anaitazama," anasimulia. "Ilikuwa imepoa, nikaipasha kwenye kikaango. Sasa mimi nimeolewa miaka arobaini. Mume wangu akikaa mezani na sahani iko mbele, namletea maji ya kunawa. Nikaleta bila hata kufikiri. Na yeye akanawa bila hata kufikiri."

Anacheka mpaka kitenge kinamteleza. "Mkono ukishanawa, baba, unakwenda kwenye sahani wenyewe."

Mzee akala. Akala nyama na skonzi pamoja, mpaka mwisho. Mama Marta alipoleta ugali, mumewe akausogeza pembeni na kutamka neno ambalo nyumba hiyo haikuwahi kulisikia kabla ya ugali kuguswa.

"Akasema, 'Nimeshiba.' Nikamshika paji la uso. Nilijua ana malaria."

Eveline alikuwa amesimama mlangoni, na aliona yote. Usiku huo usingizi haukuja, safari hii kwa furaha. Kumbe kosa halikuwa kwenye baga. Siku zote aliwapa watu tishu, na kwa watu wa kwao tishu ni ya kufutia pua. Kinacholetewa maji ya kunawa ndicho chakula.

Muda aliopewa ulikuwa umekwisha, ila mzee hakuidai fremu. Jumatatu Eveline alinunua majagi mawili, beseni na birika kubwa. Gerson alipoingia alikuta mikono yake imeshashikwa, maji ya moto yanamiminika.

"Nyie hamjui baridi ya huku," anasema Gerson. "Mtu akikunawisha maji ya moto, hata akikupa jiwe unatafuna." Siku hiyo skonzi haikuingia mfukoni.

Leo Eveline anauza baga sitini hadi sabini kwa siku. Kile kibao cha msonobari kimegeuzwa kuwa meza ndefu, maandishi yakitazama chini. Anayeinama kufunga kamba za viatu anasoma JOFREY SPEA ZA PIKIPIKI. Jofrey mwenyewe anauzia spea zake chini ya turubai hapo nje, na dada yake anasema hunawa mara tatu kwa siku bila kulipa hata moja.

Mzee Yotamu hajawahi kutamka kwamba fremu ni ya Eveline. Wala hajakubali kwamba baga ni chakula. Mwandishi wa makala haya alimkuta kwenye kona ya benchi, sahani mbele yake imebaki makombo, akamuuliza imekuwaje.

"Mimi huwa napita hapa kunawa tu," akajibu.

Sasa Eveline anataka kufungua tawi Nyololo, kwenye barabara kuu, ambako malori ni mengi na baba yake ana kiwanja kilichokaa bure. Amepanga, amepiga hesabu, ameongea na fundi. Kilichobaki ni kumwomba mzee, na kwa miezi miwili ameshindwa kufungua mdomo.

"Namwogopa," ananong'ona, akichungulia benchi. "Akisema hapana, hiyo ni hapana ya maisha."

Mzee anainuka, anajifunga koti, anasimama kidogo mbele ya jiko na kulitazama birika linalochemka. Kisha anamgeukia mwandishi, siyo binti yake.

"Mwambie huyo," anasema, "kwamba Nyololo kuna baridi kuliko hapa. Hilo birika moja halitamtosha."